Mkatale wa Littlemore: ukaguzi uliowaacha mashahidi mikononi mwa mshitakiwa

Kisa kwa ufupi

Littlemore ilikuwa nyumba ndogo ya watawa wa kike wa Kibenediktini, chini ya kilomita tano kutoka katikati ya mji wa Oxford, Uingereza. Mwaka 1517 askofu wa Lincoln alituma mkaguzi huko, naye akaambiwa karibu kila kitu: mali imeliwa, watawa hawana chakula wala nguo, na kiongozi wao anaishi kinyume na nadhiri zake. Mwaka uliofuata askofu alikwenda mwenyewe akakuta hali imezidi kuharibika, na waliosema kweli ndio waliokuwa wameadhibiwa.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kashfa ya mapenzi. Ukikisoma hivyo utakosa sehemu yake yenye faida. Tatizo la Littlemore lilikuwa la usimamizi: ukweli ulipatikana, ukaandikwa, ukathibitishwa kwa kukiri, kisha funguo zikarudishwa kwa mtu yuleyule.

Majina ya watawa yamo katika daftari la askofu, lakini tumeyaacha. Tutawataja kwa nafasi zao. Wakubwa waliofanya maamuzi ya kiofisi tumewataja, kwa kuwa bila wao uamuzi hauna mwenyewe.

Nyumba yenyewe

Ilianzishwa karibu mwaka 1150, mwishoni mwa enzi ya Mfalme Stephen, na Robert de Sandford, mwenye ardhi wa jirani, ikawekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Nikolao. Kwa cheo haikufikia hadhi ya abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa inayojitegemea. Msomaji anayewafahamu Wabenediktini kwa kuiona Peramiho au Ndanda aiweke kando picha hiyo, maana hapa hapakuwa na karakana, hospitali wala kiwanda cha uchapaji. Palikuwa na kanisa, ua wa ndani uliozungukwa na veranda, chumba cha mikutano, bweni ghorofani, jiko, na majengo ya shamba.

Mapato yake wakati wa kufungwa yalikuwa takriban pauni 33 kwa mwaka. Ili kupata kipimo: sheria ya bunge ya 1536 iliyofunga nyumba zilizoitwa ndogo iliweka kikomo cha pauni 200. Littlemore ilikuwa karibu moja ya sita ya kikomo hicho. Hata miongoni mwa wadogo ilikuwa mdogo.

Udogo huo una matokeo ambayo watu wengi huyapita haraka. Katika nyumba kubwa, kazi za mali ziligawanywa: mmoja alitunza hazina, mwingine ghala la chakula, mwingine vyombo vya ibada, na kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Mmoja akiiba, hesabu za mwenzake zingemuumbua. Katika nyumba ya watu sita ugawaji huo unakuwa mgumu. Mama mkuu ndiye aliyekuwa na mhuri, pesa, mikataba ya kupangisha ardhi, na ufunguo wa kabati la vyombo vya fedha. Na ndiye pia aliyekuwa na mkatale.

Neno hili linahitaji kuelezwa, kwa kuwa vijana wengi hawajaliona ila kwenye kamusi. Mkatale ni mbao mbili nzito zinazofungwa pamoja, zenye matundu ya kuingiza miguu. Anayefungwa hawezi kusimama wala kugeuka vizuri. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaruhusu adhabu, lakini kwa hatua: kuonywa faraghani mara mbili, kisha hadharani, kisha kutengwa mezani na katika sala, na viboko vikiwa kwa wasioelewa uzito wa kutengwa. Kama utakavyoona, Littlemore ilifika kwenye mbao bila kupita hatua hizo.

Dalili zilikuwapo zamani. Mwaka 1445, naibu aliyetumwa na Askofu William Alnwick alikagua nyumba hii akakuta watawa saba, wakila nyama kila siku kinyume na kanuni, na wakikataa kulala bwenini kwa kuogopa lisije likawaangukia. Wageni kutoka Oxford walikuwa wakiingia na kutoka. Hapakuwa na uhalifu mkubwa hapo. Palikuwa na nyumba iliyochoka. Kufikia 1517 watawa walikuwa watano na mama mkuu wao.

Ukaguzi ulivyofanywa

Askofu alikuwa na wajibu wa kuzikagua nyumba za watawa zilizo chini yake, na utaratibu wake ulikuwa umekomaa. Barua ilitangulia ikitaja siku. Mkaguzi alipofika, watawa walikusanyika katika chumba cha mikutano, mahubiri mafupi yakatolewa, na kiongozi akatakiwa kuonyesha hati za kuchaguliwa kwake, hati za kuanzishwa nyumba, na hali ya mapato na madeni. Halafu kila mtawa aliitwa peke yake, kuanzia kiongozi kushuka chini, akaulizwa yote yaliyo sawa na yasiyo sawa. Karani aliandika kwa Kilatini. Asiye na lalamiko alijibu kwa maneno mawili, *omnia bene*, yaani yote ni mazuri. Mwishoni mkaguzi alilinganisha maelezo, akamsomea kila mmoja tuhuma zake ajibu, na baadaye maagizo yakaandikwa na kutumwa.

Ni utaratibu mzuri. Kuhoji mmoja mmoja faraghani kunavunja nguvu za kundi, na kulinganisha maelezo kunafichua uongo uliopangwa. Lakini una nyufa mbili. Barua inayotangulia inampa mkosaji muda wa kujipanga. Na katika nyumba ya watu sita, siri ya shahidi ni jina tu: tuhuma ikisomwa, kila mtu anajua nani ameisema.

Juni 1517

Aliyetumwa ni Dakta Edmund Horde, kwa niaba ya Askofu William Atwater. Mama mkuu alikuwa ameutumia muda wake: aliwaamuru watawa wote waseme yote ni mazuri na wasifichue lolote. Hawakutii, na amri yenyewe ikawa mojawapo ya mambo waliyoyatoa.

Walieleza kwamba amezaa mtoto wa kike na kasisi mmoja wa Kent, kwamba kasisi huyo bado anakuja, na kwamba anatarajiwa tena baada ya wiki chache. Walieleza kwamba vitu vya nyumba vilichukuliwa kuwa mali ya kumwozea binti. (Kwa desturi ya huko, upande wa bibi arusi ndio uliotoa mali aende nayo kwa mume, kinyume na mahari ya kwetu.) Orodha waliyoitoa ni ya jikoni na chumbani: sufuria, vyungu, vinara vya mishumaa, mabeseni, mashuka, mito, magodoro ya manyoya. Vito vya nyumba vilikuwa rehani. Pesa za chakula na nguo zao hazikuonekana. Na yeyote aliyemkemea mama mkuu aliwekwa kwenye mkatale.

Orodha ile inafaa kutazamwa kwa karibu. Mtu anayetunga tuhuma husema ameiba mali nyingi. Mtu aliyelala bila shuka anasema shuka. Watawa hawa walikuwa wanataja vitu ambavyo mikono yao ilivizoea kila asubuhi na siku moja haikuvikuta.

Mama mkuu hakuwa mkosaji peke yake. Mmoja wa watawa alikuwa amezaa ndani ya mwaka huo na mwanamume wa Oxford mwenye mke. Pia kulikuwa na kijana wa kike aliyekuja kwa nia ya kujiunga, akaona yanayotendeka, akaondoka na kwenda kuyaeleza mjini. Kwa nyumba inayoishi kwa wosia na zawadi, habari za namna hiyo zinaumiza kuliko deni.

Lincoln, miezi michache baadaye

Mama mkuu aliitwa mbele ya askofu mwenyewe. Kwanza alikana. Akizidi kuhojiwa akakiri: binti alizaliwa kweli, ila alikuwa amekwisha kufa miaka minne nyuma, na vyombo vya fedha vya nyumba alimpa kasisi yule. Akaongeza jambo ambalo ni shitaka juu ya askofu na watangulizi wake kuliko juu yake: mambo hayo yalikuwa yameendelea kwa miaka minane bila mtu kuja kuuliza. Kilichofika Littlemore katika muda huo ni maagizo ya jumla tu, yaliyotumwa mara moja.

Hapa maelezo mawili yanagongana kidogo. Watawa walisema mali imekwenda kwa ajili ya ndoa ya binti. Mama mkuu alisema binti amekwisha kufa zamani. Huenda sababu iliyotolewa vitu vikihamishwa ilikuwa kifuniko, au watawa waliunganisha mambo mawili ya nyakati tofauti. Lililo wazi pande zote mbili ni kwamba mali imetoka na haikurudi. Mchunguzi makini hujenga uamuzi juu ya hilo wala hasubiri sababu ieleweke.

Uamuzi, na kwa nini ulikuwa hivyo

Askofu Atwater alimvua cheo. Kisha akamruhusu aendelee kufanya kazi za cheo hicho kwa muda, kwa sharti kwamba asifanye lolote bila ushauri wa Dakta Horde.

Tuwe waadilifu kwa askofu. Jimbo la Lincoln lilianzia mto Humber likashuka hadi mto Thames. Kutoka Lincoln hadi Oxford ni kama kilomita 170 kwa mstari ulionyooka. Ndani ya Littlemore, wa kuchaguliwa walikuwa wanawake watano, mmoja wao akiwa na kosa lilelile. Kumleta kiongozi kutoka nyumba nyingine kuliwezekana kisheria, lakini ni nyumba gani ingemtoa mtu wake hodari aende kuongoza watu watano wenye njaa na vyombo vilivyo rehani? Na kama nyumba ingebaki bila kiongozi, nani angepokea kodi na kulipa wauzaji wa nafaka? Uamuzi wa muda ulionekana kuwa daraja la kuvukia.

Ila ulikuwa ni kumpa ngedere kesi ya nyani. Aliyeshitakiwa alirudi nyumbani akiwajua walioshitaki, akiwa na funguo, na akiwa na mkatale. Msimamizi wake hakuishi pale.

Septemba 1518

Askofu alipofika mwenyewe, alipokea mashitaka kutoka pande mbili.

Mama mkuu alisema mtawa mmoja alikuwa akicheza na kushikana mieleka na wavulana katika ua wa ndani, akakataa kuonywa. Akamtia kwenye mkatale. Wenzake watatu wakavunja mlango, wakamtoa, wakauchoma moto ule mkatale. Mama mkuu alipoita watu wa jirani waje kumsaidia, wanne hao wakavunja dirisha, wakatoroka, na kukaa kwa marafiki wiki mbili au tatu. Aliongeza kwamba kanisani wanacheka na kucheza wakati wa Misa, hata Hostia, yaani mkate uliowekwa wakfu, inapoinuliwa.

Watawa walisema wanaadhibiwa kwa kuwa walisema kweli mara iliyopita. Mmoja alikuwa amewekwa kwenye mkatale mwezi mzima bila kosa. Mwingine alipigwa kichwani, kwa ngumi na mateke. Na kasisi wa Kent alikuwa amefika tena, ndani ya miezi minne iliyopita.

Oxford ilijua yote, na kila upande ulikuwa na watu wake mjini.

Kosa ambalo wachambuzi wengi hulifanya hapa ni kuamua nani alikuwa mwema. Maelezo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na kwa maoni yetu ni kweli. Nyumba ikikosa sheria inayoheshimiwa, aliye juu hutumia mabavu na walio chini huacha kutii hata lile lililo halali. Kucheka wakati wa Hostia ni kosa zito kwa mtawa. Lakini tazama walichokichoma. Hawakuchoma ghala wala chumba cha mama mkuu. Walichoma chombo kilichowatesa, kisha wakaondoka, na baada ya wiki chache wakarudi. Hao ni watu waliokuwa bado wanataka nyumba yao iwepo.

Mwisho wake

Askofu Atwater alifariki 1521. Mwaka 1524 Kardinali Thomas Wolsey alipata kibali cha Papa Klementi VII kufunga kundi la nyumba ndogo za watawa, ili mali yake ijenge chuo chake kipya Oxford, Cardinal College. Miongoni mwa waliomfanyia kazi ya kufunga alikuwamo Thomas Cromwell, ambaye baadaye angesimamia ufungaji mkubwa zaidi chini ya Henry VIII. Littlemore ilifungwa Februari 1525.

Mama mkuu wakati huo alikuwa yuleyule. Ule "muda" ulikuwa umefika mwaka wa nane. Alipewa pensheni ya pauni 6, shilingi 13 na peni 4 kwa mwaka, ambayo ni kama moja ya tano ya mapato ya nyumba nzima. Chuo nacho hakikumfaa sana Wolsey, maana alianguka 1529. Leo kinaitwa Christ Church.

Ni rahisi kusema kashfa ndiyo iliyoifunga Littlemore. Ratiba haikubali. Kashfa ni ya 1517 na 1518. Kufungwa ni 1525, pamoja na nyumba nyingine nyingi, kwa sababu Kardinali alihitaji mali ya kujengea chuo chake. Ratiba hiyohiyo inatusaidia kuuamini ushahidi: daftari la Atwater liliandikwa kabla mtu yeyote hajawa na faida katika kuichafua nyumba hii. Ripoti za 1535 na 1536, ambazo Cromwell aliagiza akiwa tayari anataka kuzifunga nyumba za watawa, hazistahili imani ya kiwango hicho.

Uchambuzi

Tuanze na kilichofanya kazi. Kuhoji faraghani kulifanya kazi hata chini ya vitisho: amri ya kunyamaza ilitolewa, na watawa waliivunja. Kumhamisha mshitakiwa kutoka nyumbani kwake hadi mbele ya askofu nako kulifaa. Akiwa Littlemore alikuwa bosi, akiwa Lincoln alikuwa mtu wa kujibu maswali, na ndipo alipokiri.

Kilichoshindwa kwanza ni ulinzi wa mashahidi. Hakuna agizo lililouondoa mkatale. Askofu aliambiwa mwaka 1517 kwamba wanaomkemea mama mkuu wanafungwa humo, akamrudisha, na chombo kikabaki palepale. Kwa gharama ya saa moja na shoka moja, mkaguzi angeweza kuuvunja ule mkatale na kuutoa nje ya geti siku ileile. Watawa waliifanya kazi hiyo wenyewe kwa moto, wakahesabiwa waasi.

La pili ni mali. Dawa ilijulikana, kwa kuwa maaskofu wa Lincoln walikuwa wakiagiza kwingineko: sanduku la pamoja lenye kufuli zaidi ya moja na funguo kwa watu tofauti, mhuri uhifadhiwe humo, na hesabu zisomwe mbele ya watawa wote kila mwaka. Kwa Littlemore, funguo tatu zingetosha: mmoja kwa mama mkuu, mbili kwa watawa waliochaguliwa na wenzao. Sanduku la namna hiyo halimfanyi mtu kuwa mwadilifu. Linamlazimu mwizi kuwashawishi wenzake wawili, na wenzake hawa walikuwa na njaa.

Usimamizi wa "ushauri" ndio ulioanguka kimyakimya. Sharti la kutofanya lolote bila Dakta Horde halikusema hilo "lolote" ni lipi: kupangisha shamba? kuuza ng'ombe? kumfunga mtu? Halikuweka siku ya mkaguzi kurudi wala adhabu ya kulivunja. Sharti lenye upana usio na mwisho halimbani mtu popote. Lingekuwa na nguvu zaidi kama lingesema mambo matatu: asipangishe ardhi bila saini ya Horde, asimwadhibu mtawa yeyote mwilini, na kasisi wa Kent asivuke lango. La tatu lingepimika hata na mlinda mlango.

Halafu kuna neno "kwa muda" lisilo na tarehe. Hapa ndipo tunapomlaumu askofu bila kusita. Alikuwa na sababu za kumwacha hadi mavuno. Hakuwa na sababu za kumwacha miaka.

Umaskini hauwezi kusahauliwa, ingawa hauelezi yote. Nyumba nyingi za pauni 30 zilifungwa bila kuwahi kupigana ngumi. Umaskini ulipunguza idadi ya watu, uchache ukaondoa ukaguzi wa ndani, na miaka minane ya kutoulizwa ikafanya yaliyobaki.

Linganisha na 1445. Lalamiko lile la bweni lilipata jibu: jengo la upande wa mashariki, lenye bweni ghorofani, ni la karne ya 15, na ndilo sehemu ya nyumba hii iliyosimama hadi leo. Limekuwa nyumba ya shamba, kisha baa. Wakaguzi wa zama zile walijua kufuatilia paa lililopasuka, kwa kuwa paa huonekana kutoka barabarani na fundi akilitengeneza limetengenezeka. Lalamiko la 1517 lilihitaji mtu arudi Littlemore mwezi baada ya mwezi, aingie jikoni, ahesabu mashuka.

Wachimbaji wa mambo ya kale walifanya kazi katika eneo la kanisa mwaka 2014 na kueleza habari za mifupa ya watu 92: wanawake, wanaume, na mtoto mchanga sana aliyezikwa katika kijisanduku. Mwanamke mmoja wa zaidi ya miaka 45 alilazwa kwenye jeneza la mawe mahali pa heshima, pengine mama mkuu wa zama za mwanzo. Nyumba iliheshimika hata walei wakataka kuzikwa ndani yake. Mahali penyewe bado panaitwa Minchery, kutokana na neno la Kiingereza cha kale la mtawa wa kike.